Samaki wa Chaki

Kila asubuhi Paskalina humwombea fundi vioo wa Katesh, ingawa jina lake halijui. Fundi huyo hashiki kioo kabla ya kukipulizia pumzi na kukifuta kwa kiwiko, hata kiwe kipya. Vidole vyake vimejaa makovu, na sauti yake ni ya chini, kama anayembembeleza ndama. Paskalina alimwita aje kijijini Nangwa, kwenye chumba alichopanga baada ya mumewe kumfukuza, amtengenezee tangi la samaki wa kutazama. Fundi hakucheka. "Shikamoo, mama. Keti unavyoketi jioni." Akapima kutoka sakafuni hadi usawa wa macho ya Paskalina, akachora tangi ukutani kwa chaki, na mawe ndani, na samaki. Kule Paskalina alikotoka, kwa mumewe, hata kigoda kilichongwa kwa kufuata miguu ya mume. Mara akaingia shemeji yake, yuleyule aliyemtupia kitanda nje, akasimama katikati ya chumba. "Wenzako wanalala nyumba moja na ng'ombe, wewe utalala na samaki?" Fundi hakugeuka, alikuwa anachora magamba. "Kaka, sogea kidogo. Unamziba mama, haoni samaki wake."

Shemeji akasogea.