Kamati yetu ya kunusa maji taka, na wiki mbili nilizokosekana

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii ninayoleta imenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Nimeikalia kwa sababu inaniaibisha, na pia kwa sababu mpaka leo inanitisha. Anayetaka kucheka acheke, nimezoea.

Mtaa wetu uko pembeni mwa Kakamega town, jina niliache. Nyuma ya ploti kuna mabwawa ya maji taka. Yalipoanza kupanuliwa tulipiga kelele sana kuhusu harufu, mpaka tukakubaliwa kuunda kamati ya wakazi saba wa kusimamia. Mwenyekiti akawa Mwalimu, mzee mstaafu anayeheshimika. Mimi fundi wa pikipiki niliingia kwa nguvu ya mdomo tu.

Kazi ilikuwa moja. Kila jioni unasimama kwenye fensi, unanusa, unaandika namba kwenye fomu. Sifuri ni hakuna harufu. Tano ni huwezi kusimama hapo.

Makubaliano yalikuwa kwamba tukiridhika tunasaini, kontrakta anakabidhi kazi na kwenda zake. Kisha bwawa jipya linafunguliwa, hatua chache kutoka nursery anakosoma binti yangu. Vifuniko vya kuzuia harufu vikiwa vibovu, hakuna wa kumwita tena. Kwa hivyo hiyo saini ilikuwa kila kitu.

Fomu zetu zilianza vibaya, zikashuka polepole, zikafika sifuri. Tukapongezana.

Kasoro mtu mmoja. Mama Mmbone anauza chakula Butali, kwa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Wiki nzima analala huko, anarudi Jumamosi. Na kila Jumamosi aliandika nne. Nne, nne, tano.

Tukaona anatuharibia. Mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano nikauliza mtu asiyelala hapa atajuaje hewa ya hapa. Nikapigiwa makofi, tukapiga kura, tukamtoa. Alikunja leso yake akaondoka.

Mwezi uliofuata mama yangu aliteguka mguu, nikaenda kwake Matete kumpalilia mahindi. Wiki mbili.

Siku ya kurudi nilishuka stage mchana kweupe. Sikufika mbali, harufu ikanisimamisha.

Wakuu, sijui niielezeje. Mayai viza, choo kilichojaa, na juu yake utamu fulani ulionitia kichefuchefu. Macho yakatoa machozi.

Lakini kilichonitisha zaidi ni watu. Jirani alikuwa anaanika nguo, akanisalimia vizuri na kuuliza mama anaendeleaje. Watoto wameketi kando ya fensi wanakula mandazi. Kwangu, mke amefungua mlango wa nyuma, ule unaotazama mabwawa, ili upepo uingie. Ananipakulia obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, huku anatabasamu. Sikuweza kumeza.

Nikamuuliza mbona harufu imerudi. Akanusa. Akanusa tena, akamnusa hata mtoto. Akaniuliza kama nimeshikwa na malaria.

Nilichukua fomu tupu nikaandika nyuma yake: "Tano. Sitaki kulala hapa. Usisaini."

Siku ya pili ilikuwa afadhali. Siku ya tatu niliamka hewa ni safi. Nikaenda mpaka kwenye fensi, nikaweka pua kwenye waya. Nyasi tu.

Nikatoa ile karatasi. Mwandiko ni wangu, lakini harufu yenyewe sikuikumbuka hata kidogo. Nilikuwa kama nasoma barua ya mtu mwingine, na kusema kweli sikumwamini huyo mtu. Nilijiambia labda ilikuwa malaria kweli.

Niliogopa, wakuu. Sisi mafundi tunasikiliza injini na kuyaamini masikio yetu, sasa kama pua inanidanganya, nini kingine kinanidanganya?

Nikaenda kwa Mwalimu kuomba fomu zote. Nikazipanga juu ya meza yake. Kila mmoja wetu alishuka vilevile, na wote tulifika sifuri mwezi mzima kabla vifuniko havijafungwa.

Mwalimu alizipitia moja moja, kidole kikifuata tarehe.

Ijumaa tulikutana kusaini. Nikasimama nikasoma karatasi yangu. Mwalimu akaniuliza taratibu, "Na sasa hivi, fundi, unasikia harufu?"

"Hapana, Mwalimu."

Nilitegemea kicheko, hakikuja. Mmoja mmoja nikawaona wanavuta hewa kwa siri. Mwalimu akafunika kalamu, akasema tungoje kesho.

Jumamosi tulimngoja Mama Mmbone langoni, watu sita. Alikuja ameshaziba pua kwa leso. Nikamwomba msamaha mbele ya wote.

Akatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Kumbe hamsikii?" akasema. "Mimi nilikuwa nafikirianga mmehongwa."

Akaandika tano. Sisi sita tulisimama pale tukivuta hewa kwa nguvu zetu zote, na hakuna aliyesikia chochote.

Hatukusaini. Kontrakta amerudishwa kazini, anafungua vifuniko avitengeneze upya. Mama Mmbone yuko kwenye kamati, na neno lake ndilo tunalofuata.

Mke na binti nimewapeleka Matete wakae kwanza. Jioni ya kwanza nilipiga simu nikapewa mtoto. Akaniambia, "Baba, huku kunanuka." Nikamuuliza kunanuka nini, hakujua. Mama yake akachukua simu akasema hakuna kitu, wameketi nje tu, upepo unatoka shambani. Nadhani ni hewa safi ndiyo ngeni kwake.

Funzo langu ni fupi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi miaka yote nilidhani ni maneno ya kumkaribisha mtu chakula, kisha mgeni alipokuja nikamfukuza kwa kura.

Nyinyi mnaoishi karibu na mabwawa, dampo au kiwanda, hebu semeni. Mara ya mwisho kulala mbali na kwenu ilikuwa lini, na mliporudi mlisikia nini? Nitasoma majibu yote, matusi pia.

Hapa kwangu leo hewa ni safi kabisa.