Nani Anampokea Mtoto Huyu

Mimi nilizaliwa na mdomo, na sijawahi kuuombea msamaha. Miaka ile ya tisini nilikuwa muuguzi katika wodi ya uzazi ya hospitali ndogo huko Eastlands, Nairobi, si mbali na nyumbani kwangu mtaa wa Tena. Akina mama wetu walitoka Kayole na Shauri Moyo, wengi wao wachuuzi waliosimama sokoni mpaka uchungu ukawashika.

Siku moja matroni alitusomea uamuzi wa kamati ya hospitali. Watoto wachanga wote watahamishiwa chumba kipya cha ghorofa ya juu, chenye kioo kikubwa, ili wageni wawatazame bila kuingia wodini. Mama abaki chini. Lifti hatukuwa nayo, na usiku muuguzi alikuwa mmoja tu. Akipanda kumwangalia mtoto, nani atamwona mama anayevuja damu huku chini? Na aliyeshonwa apande ngazi kwenda kunyonyesha? Katika kamati hiyo hakukuwa na muuguzi hata mmoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwenzangu wa zamu, dada mkubwa aliyewahi kufanya kazi Zambia na baadaye Uingereza, alituambia kwamba huko Uingereza alikokuwa, wauguzi walikuwa na baraza lao, na mambo ya wodi waliyaamua pamoja na madaktari.

"Na walisikilizwa?" nikamuuliza.

"Wodi nyingine, ndiyo. Nyingine walipewa kiti tu. Zambia nako, kiti chenyewe tulikionea mlangoni." Akacheka. "Lakini mdogo wangu, bila kiti hata hawajui kama umekasirika."

Tukaomba kiti. Tulipewa kimoja, wenzangu wakanisukuma mimi, eti mdomo wangu ulikatika breki zamani.

Nilipoingia kikaoni, daktari mkuu alinionyesha birika. "Sista, tumiminie chai kwanza."

"Daktari, leo nimekuja kikaoni," nikasema, nikavuta kiti nikaketi. Walijimiminia wenyewe, na hakuna aliyeungua.

Nikaeleza habari ya ngazi, ya muuguzi mmoja, ya damu. Alinisikiliza huku akichezea kalamu, kisha akasema jambo hilo limekwisha kuamuliwa. Kazi yangu ni kuwapelekea wenzangu habari.

"Basi sitaipeleka."

"Unajua ni wangapi huko nje wanaoitaka kazi yako?"

Nilijua. Nilikuwa na watoto shuleni, na mume wangu karani alikuwa akingoja kupunguzwa kazini siku yoyote. Niliogopa, nisidanganye. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na liwalo na liwe.

Sasa, sisi wauguzi tuna desturi. Hutoki zamu mpaka anayeingia apite nawe kitanda kwa kitanda, aseme "nimepokea". Asiposema, wagonjwa ni wako, hata kama miguu imevimba. Tukakubaliana sote kwamba chumba cha juu hakuna atakayekipokea.

Asubuhi ya kuhama, daktari mkuu alikuja mwenyewe akatuamuru tubebe watoto. Nikambeba wa kwanza. Mama yake, muuza mitumba wa Gikomba, akanishika mkono. "Sista, unampeleka wapi mtoi wangu?"

"Anaenda kutembea kidogo, mama. Anarudi sasa hivi."

Nikapanda ngazi, wenzangu nyuma yangu mikono mitupu. Kule juu vitanda vidogo vilikuwa vimetandikwa vizuri sana. Daktari akanionyesha kimoja. Mimi nikamgeukia yeye.

"Mtoto wa kiume, amezaliwa jana, ananyonya vizuri, kitovu hakitoi damu. Daktari, nakukabidhi. Sema umepokea."

Nikamnyooshea mtoto. Desturi yetu aliijua, na alijua kwamba anayepokea haendi nyumbani. Akawatazama wenzangu mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa amefumbata mikono mgongoni. Mtoto akaanza kulia. Daktari akatia mikono yake mifukoni.

"Basi huku hana wa kumpokea," nikasema, nikateremka naye kwa mama yake.

Nilitolewa kamatini, nikapelekwa chumba cha kusafisha vidonda. Sikujuta hata siku moja. Watoto walibaki chini kando ya mama zao, na chumba cha kioo kikawa stoo ya magodoro. Kiti changu alipewa yule dada mkubwa. Kikao chake cha kwanza walimwonyesha birika, naye akavuta kiti akaketi.