Tulivyomsindikiza Daktari wa Simu

Daktari wa susu, nyanya yangu, alikuwa wawili, na wote wawili ni mtu mmoja. Mwezi huu alikuwa wa kliniki, huko mjini, ghorofa ya pili, na lifti iko likizo tangu tuijue. Mwezi unaofuata alikuwa wa simu, yuko ndani ya simu ya mama, ameegemezwa kwenye mkebe wa majani ya chai, mezani kwetu mtaa wa Jamhuri.

Hiyo ningeielewa. Shida ni kwamba hata susu alikuwa wawili. Susu wa kliniki alifika kwa daktari ameshika ukuta, anatoa neno moja, anapumzika, anatafuta la pili. Susu wa simu alikuwa kama mtu anayesoma habari kwa televisheni.

Kifua chake kiliharibiwa na moshi. Alipikia shule huko Ukambani miaka mingi, kuni mbichi, jiko lisilo na dirisha. Daktari alitueleza kwamba mapafu yakifika hapo hayarudi kuwa mapya, yanatunzwa tu. Akampa pampu mbili za kuvuta: ya kahawia ni ya kila siku, ya bluu ni ya dharura, pumzi ikikataa. Akampa pia kibanio cha kidole, kama kile cha kuanikia nguo, kinachoonyesha kwa namba kama hewa inafika mwilini.

Siku ya simu nyumba nzima ilijua. Tunafagia, tunabadilisha vitambaa vya viti, susu anafunga kitambaa chake cha kanisa. Halafu chai, vikombe viwili.

"Susu, daktari yuko kwa simu. Atakunywa aje?"

"Wewe mimina. Mgeni hakai na meza tupu."

Kwa kuwa baadaye kile kikombe kilikuwa changu, niliacha maswali. Mwisho kabisa, mama akiwa bado anatafuta mtandao, susu alikuwa anageukia ukuta na kuvuta pampu ya bluu. Nyumba imefagiwa, na kifua nacho kifagiwe. Basi daktari akiingia anakuta kila kitu kinang'aa.

Nilimwambia mama. Akanijibu, "Na wewe tena na vichekesho vyako." Simlaumu sana. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemwambia susu kwamba kile kibanio kinashika waongo, na akakataa kukivaa mpaka mama akaniapisha mbele yake. Ukiwa mchekeshaji wa nyumba, hata ukisema nyumba inaungua watu wanangoja mwisho wa hadithi.

Nikamwendea susu mwenyewe. "Kwa nini humwambii daktari unavyohema ukienda kuanika nguo?"

"Huyo kijana amehangaika na mimi. Nimwambie dawa yake haifanyi kazi? Atalala aje?"

Mgonjwa anamhurumia daktari. Na kibanio kilikuwa kinasema namba nzuri. Nikaanza kufikiri labda mimi ndiye siko sawa.

Sasa, siku ninayotaka kuieleza, daktari alimwambia susu, "Mama, kliniki unakuja umechoka na safari, lakini nyumbani naona uko vizuri kabisa. Nafikiri tubaki na simu tu. Na hii dawa ya kahawia tuipunguze."

Mama akatabasamu. Susu akatabasamu. Mimi nilikuwa upande ambao simu haioni, na niliona mkono wake umeshika ukingo wa meza.

"Na kutembea?" daktari akauliza.

"Natembea kama msichana."

"Daktari, anakudanganya," nikasema.

"Usimsikize huyo," mama akasema. "Ni mchezo tu." Daktari akacheka kwa adabu, akaanza kuaga.

Ndipo mdomo wangu ukafanya kazi yake bila kuniuliza. "Susu, yaani mgeni anaenda bila kusindikizwa?"

Kwetu hakuna mgeni anayetoka peke yake. Zamani, kabla kifua hakijagoma, susu alimsindikiza shangazi hadi karibu na Dagoretti Corner, mbali huko, ikabidi shangazi naye amsindikize kurudi. Nilidhani atacheka. Aliniangalia, akaiangalia simu, akaichukua kwa mikono miwili kama sahani ya chakula, akatoka nayo.

"Mama, tunaenda wapi?" simu ikauliza.

"Nakutoa, mwanangu. Mpaka geti."

Tukapita bomba, tukapita kamba za nguo, mimi na mama nyuma kama watu wa harusi. Simu alikuwa ameikumbatia kifuani, kwa hiyo nadhani daktari hakuona kitu ila gauni la susu. Lakini alisikia.

"Hizi... ni nguo... za jirani."

Susu hakufika. Alikaa kwenye jiwe analokalia askari wa geti, hatua chache kutoka geti, mabega yanapanda na kushuka.

"Mama, usiongee," daktari akasema, na sauti ilikuwa nyingine. "Yule wa mchezo yuko hapo? Lete kibanio."

Nilikimbia. Namba ilikuwa imeshuka. Nikaisoma, nikaisoma tena.

"Leo ametumia ile ya bluu saa ngapi?"

Mama alinigeukia. Susu alikuwa anaangalia geti.

"Kabla tu hujaingia," nikasema. "Kila mara."

Hakuna aliyecheka. Sijawahi kutaka mtu acheke kama siku hiyo.

Daktari alisema ile ya kahawia haipunguzwi, na kesho yake afike kliniki. Simu itaendelea, lakini itakuwa inaanzia hapo getini, na ile ya bluu si ya kupokea wageni. "Nikija kwako, mama, nataka nikute nyumba haijafagiwa."

Kesho yake, kati ya ngazi na ngazi huko kliniki, susu alisimama akanishika bega.

"Wewe. Ulikuwa unacheza... ama ulinichongea?"

"Sijui, susu." Na kweli sikujua, hata leo nikiulizwa sijui.

"Hata mimi," akasema, "sijui kama nikuchape... ama nikuombee." Tukapanda ngazi nyingine.

Siku hizi chai ya daktari inapelekwa getini na kuwekwa juu ya jiwe la askari. Askari anaikodolea macho. Naiwahi.