Majani Aliyoyakata Swalha

Swalha alijifungua mtoto mfu huko Guangzhou mwaka 1998, na tangu hapo hakupenda tena kutoka nyumbani. Mumewe, Msabaha, alikuwa akifunga marobota katika ofisi ya mizigo mtaa wa Sanyuanli. Wote wawili walikuwa Wapemba, watu wa Wete. Walipanga vyumba viwili vyenye ua katika kijiji kilicho nyuma ya kiwanja cha ndege cha Baiyun, mahali ambapo ndege zilipita chini hata vikombe vikalia kabatini.

Asubuhi Msabaha alimwacha mkewe kwenye kiti cha plastiki mlangoni, na jioni akamkuta palepale, chai ya asubuhi imepoa miguuni pake. Alimwomba Mwanahija, jirani yao wa zamani waliyekuwa wakiishi naye mtaa wa Dengfeng, awe anakuja kumtazama. Mwanahija alikuja, lakini alikuwa mjamzito, na Swalha hakuwa na la kuzungumza na mwanamke mjamzito.

Ijumaa moja baada ya sala, Msabaha alimwendea mzee Ma, Mwislamu wa kaskazini aliyekuwa akiuza nyama nje ya msikiti, akanunua kwake mbuzi majike wawili. Aliwaleta ndani ya kigari cha kukodi. Swalha akasimama.

"Wa nini hawa?"

"Wako," Msabaha akamwambia. "Nataka maziwa ya chai. Haya ya hapa ya pakiti sina hamu nayo."

Yule wa rangi ya kahawia Swalha akamwita Kashata, na yule mweupe akamwita Kaimati. Kwa kipindi kirefu nyumba ile ilikuwa na uhai. Swalha aliamka mapema, akakamua, akafagia banda. Msabaha akirudi alimsikia kutoka njiani akiwagombeza mbuzi kwa Kipemba, akapunguza mwendo ili amsikilize zaidi.

Shida ilikuwa malisho. Kijiji kizima kilikuwa saruji na mifereji. Lakini ua wa mama mwenye nyumba ulizungukwa na vichaka vya majani membamba yanayong'aa, vyenye maua madogo meupe yaliyonukia mchana kutwa, na vitunda vyeusi. Swalha aliwakatia matawi. Mbuzi mwanzoni waliyanusa tu, kisha wakayazoea, na mwishowe wakawa wanalia wakimwona na kisu.

Mvua zilipoanza, Kashata alikonda. Alikula kama kawaida, lakini mbavu zilitokeza na mgongo ukapinda juu. Alitembea kama mtu aliyekanyaga miiba, na alipotaka kula kilichokuwa chini alipiga magoti. Maziwa yakapungua, yakakatika. Swalha akaona mnyama wake ana njaa, akazidi kumkatia majani.

"Amezeeka huyu," Msabaha alisema.

"Hajazeeka. Tazama meno yake."

Jumatatu moja asubuhi walimkuta Kashata amelala ubavu, amekufa. Swalha hakulia. Alikwenda bombani akanawa mikono, akarudia kuinawa, kisha akaketi kwenye kile kiti.

Msabaha alimfahamu Mkenya mmoja aitwaye Rotich, mtu wa Kericho, aliyekuwa akisomea udaktari wa mifugo katika chuo kimoja cha mjini na aliyezoea kutuma vifurushi vyake kupitia ofisi yao. Alimpigia simu. Rotich akaja na mkoba wake. Swalha alishachukuliwa na Mwanahija kwenda Dengfeng ili asione mzoga ukitolewa.

Rotich alimpasua Kashata nyuma ya banda. Alipofika kwenye mshipa mkubwa utokao moyoni, kisu kilikwaruza kama kinakata bomba. Alimpa Msabaha aushike. Ulikuwa mgumu, na ndani yake kulikuwa na mabaka meupe kama chokaa iliyokauka ukutani. Mapafu nayo yalikuwa na chembechembe zilizokwaruza vidole.

"Huyu alikuwa anageuka jiwe," Rotich alisema taratibu. "Alikuwa anakula nini?"

Msabaha akaonyesha vichaka. Rotich akakata tawi lenye maua, akalitia mkobani, akaenda nalo kwa mwalimu wake.

Aliporudi na majibu alimkuta Msabaha kazini, wakasimama kando ya marobota. Alimweleza kwamba jani lile lina kitu kinachofanana na vitamini ambayo mwili huipata kwenye jua, ila kwa wingi wa kupita kiasi. Mnyama akilila, tumbo lake huvuta chokaa yote iliyomo kwenye chakula na kuimwaga katika damu. Mifupa ikishatosheka, chokaa inayobaki huganda kwenye mishipa, moyo, mapafu, na kano za miguu.

"Nani alikuwa anawalisha?" Rotich akauliza.

"Mke wangu."

Rotich akachukua mkoba wake, akaaga.

Njia nzima ya kurudi Msabaha alifikiria jinsi ya kumwambia. Alipofika akamwona Swalha mlangoni, amejikunyata.

"Daktari anasema ni maradhi tu," alisema. "Maradhi ya nchi hii. Huja na mvua."

"Kaimati hana maradhi hayo?"

"Huenda anayo. Mungu anajua."

Siku iliyofuata alimlipa mama mwenye nyumba ili amruhusu kukata vichaka vyote. Swalha alipouliza, alisema vina siafu. Akawa anatoka sokoni na majani ya viazi na mabaki ya mboga kwa ajili ya Kaimati. Alidhani amemaliza.

Lakini Swalha aliacha kuingia bandani. "Mlishe wewe," alisema. "Mkono wangu hauna heri." Mwanahija akajifungua mtoto wa kiume, akaja naye akiwa amefungwa kwenye khanga mpya. Alipomnyooshea Swalha, Swalha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Usinipe mimi," alisema. "Mshike mwenyewe, dada."

Msabaha aliyaona yote hayo, na bado hakusema.

Jumapili moja Rotich alikuja kumtazama Kaimati. Alimpapasa shingo, akasikiliza moyo kwa muda mrefu, kisha akatazama ukuta uliobaki wazi pale vichaka vilipokatwa.

"Mlifanya vizuri kuyakata yale majani, shemeji," alimwambia Swalha.

"Majani gani?"

Rotich akamtazama Msabaha. Msabaha akainamisha kichwa. Basi Rotich akaeleza upya, pole pole, kwa Kiswahili chake cha bara, na Swalha akasikiliza bila kupepesa macho.

"Kwa hiyo hata kama Kashata angelishwa na mtu mwingine yeyote?"

"Angekufa vilevile, shemeji. Ni jani."

"Na huyu atapona?"

"Hapana. Chokaa iliyokwisha kuganda haitoki. Anaweza kuishi kidogo, lakini kwa maumivu."

Rotich alipoondoka, Swalha akamgeukia mumewe.

"Ulijua."

"Nilitaka nikukinge. Wewe ndiye uliyekuwa ukiyakata."

"Muda wote huu najiona mimi ndiye sumu, Msabaha. Mtoto wa watu nimemkimbia. Na wewe ulikuwa na jani la kunionyesha, ukanificha."

Msabaha alitaka kumshika bega, akauona uso wake, akauacha mkono uanguke.

Kaimati alichinjwa na mzee Ma juma lilelile, kwa sababu hakuweza tena kuinuka. Swalha mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa. Siku chache baadaye alikwenda kwa Mwanahija, akampakata mtoto mpaka akasinzia, na hapo ndipo alipolia. Aliporudi alimwambia mumewe kwamba anataka kwenda kwao.

Msabaha alimpeleka kiwanja cha ndege mwezi wa Oktoba. Hawakugombana. Swalha alimkumbusha kunywa dawa yake ya kifua, kisha akafuata foleni, na hakugeuka.

Msabaha alihamia Sanyuanli, akalala chumba kimoja na wafungaji wenzake. Kila Ijumaa alimpigia Swalha simu, nyumbani kwa kaka wa Swalha huko Wete. Swalha alimweleza habari za mvua, za karafuu, za wagonjwa wa mtaani. Hakusema atarudi lini, naye Msabaha hakumwuliza.