Niliandika Ishirini Bila Kuhesabu Pumzi

Mimi ndiye niliyekosa, sisingizii mtu. Wala msinionee huruma, maana siku zile mimi mwenyewe sikumwonea yeyote.

Ilikuwa miaka ya sabini, nikiwa nesi katika wadi ya wagonjwa mahututi, hospitali moja hapa Nairobi. Nilikuwa nimepanga chumba Kawangware, lakini kwa maringo yangu ungedhani nimezaliwa Muthaiga kwa matajiri. Majirani niliwaita washamba.

Kila saa tulitakiwa kusimama kando ya kitanda na kuhesabu pumzi za mgonjwa dakika nzima. Nani alikuwa na dakika hiyo? Tuliandika ishirini, hesabu ya mtu asiye na shida. Aliyelala, ishirini. Anayehangaika, ishirini. Kwa chati zetu, wadi nzima ilipumua kwa amri ya jeshi.

Akaletwa fundi viatu wa mtaa wa Gatwekera, ana nimonia. Asubuhi ya pili mkewe, mama wa Kitui anayeuza mboga, akanifuata mezani.

"Sista, kuja uone mzee wangu. Anapumua na shingo. Hata midomo imekuwa rangi ingine."

"Kwani wewe ni daktari, mama?"

"Hapana, Sista. Lakini nimelala na yeye miaka kumi na mbili. Hiyo si pumzi yake."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mkubwa mimi, nikamfukuza akangoje nje. Kisha nikaandika ishirini bila kuinua macho.

Daktari alipopita alisoma chati, akaniuliza, "Huyu anapumua sawa?" Nikasema sawa. Mashine ya kupumulia ilikuwepo, haina mtu. Akaenda kitanda kingine.

Saa saba mchana mapafu yakashindwa kabisa. Tulipoikimbiza ile mashine, tulikuwa tunampelekea maiti.

Sikufukuzwa kazi. Chati ilinilinda, na matron, mkuu wetu manesi, akasifu mwandiko wangu. Mjane alinishika mkono koridoni akasema, "Asante, Sista. Najua ulijaribu." Nikaitikia, "Pole, mama." Uoga wangu ulinishinda hata hapo.

Nasikia siku hizi kuna vidude vya kubana sikioni, vinasoma hewa iliyomo damuni bila sindano. Vizuri. Lakini kidude hakimwinui mvivu kitini. Ninyi manesi wachanga mnaojiona, inukeni, mtazame kifua cha mtu, mhesabu.

Mimi yule mama bado ananiuzia sukuma wiki. Kila jioni ananipa nyongeza, kwa sababu eti nilijaribu.