Mlio Mmoja wa Asubuhi

Harufu ya limau ikinipata mahali pasipo na chakula, nasimama kidogo. Limau huwakumbusha wengine samaki au chai ya mafua. Mimi hunikumbusha simu. Simu yetu ya Likasi ilikuwa nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa, na ilikaa sebuleni juu ya kitambaa cheupe alichokifuma mama. Kila Jumamosi mama aliusugua mkono wa simu kwa nusu limau, kuanzia upande wa sikio mpaka upande wa mdomo, kwa sababu dawa ya kuifutia ilikuwa imekwisha na hakuna aliyetarajia kupata nyingine. Mimi, Godelive, kitindamimba mwenye masikio marefu kuliko kazi zake, nilipewa kuingiza ncha ya kitambaa katika matundu ya duara la nambari na kutoa vumbi tundu baada ya tundu. Dirisha liliachwa wazi. Moshi wa kiwanda cha Shituru, uliotuwasha koo tangu tuzaliwe, ulikuwa umepungua mno miaka ile, na mgeni angeweza kusifu hewa yetu. Lakini mtu wa Likasi alijua kwamba hewa safi ni habari mbaya: viwanda vilikuwa vimelala, na mishahara imelala navyo.

Nyumba yetu ilikuwa na simu kwa sababu baba alikuwa fundi wa santrali, kile chumba cha mitambo ambamo simu zote za kampuni ya madini ziliunganishwa. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupima laini. Aliipigia kila laini mlio mmoja tu, akasoma mshale wa mtambo wake, akaenda kwenye laini inayofuata, naye daima alianza na ya kwetu. Kwa hiyo saa moja kamili kengele yetu ililia mara moja, ikanyamaza. Mama alikuwa amekwisha kusimama pale, kiganja juu ya simu kama anayepima homa ya mtoto. Mlio ukishapita alisema, "Iko muzima," kisha ndipo alipokwenda kupuliza mbabula, jiko letu la makaa, tupate chai. Kabla ya mlio hakukuwa na chai, hata kama ulikuwa unatetemeka kwa baridi ya Juni. Mimi na kaka zangu tulimcheka kichinichini, tukasema mama yetu ameolewa na waume wawili, na huyu mweusi ndiye anayesalimiwa kwanza.

Lakini tulijua anamngoja nani. Ukoo wa mama ulitoka Kasai, wa baba ulitoka Kapolowe, kwa wavuvi na wakulima. Ulipofika wakati ule mbaya ambapo watu wa asili ya Kasai waliambiwa waondoke Katanga, hata waliozaliwa hapa na kuzikia hapa wazazi wao, mama alibaki kwa sababu ya ndoa yake. Mdogo wake, Tantine Ngalula, yaani mama yetu mdogo, hakuwa na mume wa kumkinga. Alikaa majuma kadhaa kwenye kituo cha treni, yeye na mtoto wake mgongoni, katikati ya magodoro, masufuria na wagonjwa, akingoja behewa la kumpeleka nchi ambayo hakuwahi kuiona. Tulimpelekea bukari, ugali wetu, kila mchana. Tantine hakujua kusoma, hivyo karatasi isingemsaidia. Mimi ndiye niliyepewa kumfundisha nambari ya simu yetu. Ilikuwa tarakimu tano, nami nilizitia katika sauti ya wimbo tuliouimba katika kwaya ya watoto, kwa Kifaransa kama tulivyohesabu shuleni, na ya mwisho niliivuta ndefu kama Amina ya misa kubwa. Alijifunza siku moja. Treni ilipoondoka alitoa kichwa dirishani, hakutuaga kwa neno lolote. Aliimba nambari yetu. Mama alimpungia kitenge alichoachiwa na ndugu yake, akirudia kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana, na hakulia mpaka ile Amina ilipofifia.

Tangu hapo simu haikuwa ya baba tena, wala ya kampuni. Mama hakuruhusu mtu apige soga nayo. Alitembea nusu saa kwenda sokoni na kurudi karibu anakimbia. Mwaka ukapita, ukaingia wa pili, simu haikuleta sauti ya Kasai. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alisema mama, na aliendelea kuisugua kwa limau.

Jioni moja, mwanzoni mwa mvua, baba alirudi na habari. Simu ya wodi ya wazazi, pale hospitalini, ilikuwa imekufa kabisa na hakukuwa na nyingine ya kuweka. Usiku wakunga walitoka kwa miguu kwenda kumgongea daktari, mvua ikinyesha, na juma lile mama mmoja nusura apotee pamoja na mtoto kwa kungoja. Mkuu wa santrali aliwaomba mafundi waliokuwa na simu majumbani wafikirie. Hakulazimisha mtu. Baba aliyasema hayo yote huku akiitazama sahani, halafu akasema, "Mama Godé, ile telefone ni yako. Weye njo utasema." Mama alisogeza sahani yake. "Na Ngalula akiita?" akauliza. "Akiita na ikalie kwa batu bengine? Atawaza tulikufa." Baba alikula bukari yake mpaka mwisho, na jambo hilo likalala kati yao siku nyingi kama mgeni ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini.

Nilikuwa upande wa mama, tena kwa moyo wote. Wimbo ule ulikuwa wangu. Nilijiona mimi ndiye niliyemtuma Tantine aondoke na ufunguo, na sasa watu walitaka kung'oa mlango. Siku moja niliagizwa nimpelekee baba chakula cha mchana, naye akaniruhusu niingie santrali. Nakumbuka ubaridi wa sakafu, mngurumo mdogo wa mitambo, na harufu ya shaba iliyopata joto. Wenzake watatu walikuwa wamelala juu ya viti. Kazi haikuwa nyingi tena. Kwenye ubao mkubwa kila safu ya matundu ilikuwa na jina lake: hospitali, kiwanda, Koni kwenye bwawa la umeme. Pembeni palikuwa na safu iliyofunikwa kwa kipande cha gunia. Nilikifunua, mtoto wa watu, mkono wangu haukuwahi kujua kutulia. Ndani ya tundu moja buibui alikuwa amejenga. Juu yake paliandikwa Kasai.

"Ile njia ilikufa, Godé," baba alisema nyuma yangu. Hakukasirika. "Waya baliiba, kilometa na kilometa. Ni mwaka sasa."

"Na mama anajua?"

"Hapana. Kila asubui miye napigaka mara moya. Anasikia, anakaa muzuri, anawasha moto. Usimuambie, mutoto yangu." Kisha akafunua sahani na kunikatia nusu ya samaki wake, jambo ambalo siku zile hakuna mtu mzima aliyelifanya ovyo.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata sasa nilikuwa mimi. Sijawahi kubeba mzigo mzito vile. Asubuhi kengele ilipolia na mama akasema "Iko muzima," nilitazama miguu yangu. Nilimhurumia mama, nikamkasirikia baba, halafu nikamhurumia baba. Na kulikuwa na wale wakunga waliotembea kwenye mvua. Nilianza kuwaona kila nilipofumba macho. Tulikuwa tunakatalia watu simu kwa ajili ya buibui. Nilistahimili siku nane. Siku ya tisa, tukiwa uani tunachambua maharagwe, yalinitoka yote kwa pumzi moja: safu, gunia, waya, buibui.

Mama hakuacha kuchambua. Aliokota kijiwe, akakitupa, akaokota kingine. "Najua," akasema. "Tangu mvua ya mwaka jana. Batu ba treni baliniambia nguzo hazina waya mpaka kule."

Nilimwuliza, kwa sauti ambayo leo ningemchapia mtoto wangu, sasa kwa nini tunainyima hospitali?

"Juu ya baba yako." Alipangusa mikono kwenye kitenge, akanivuta nikae karibu naye. "Sikia, Godé. Kampuni haimupi kitu ya kuniletea. Mushahara hapana, bunga hapana. Anaenda kazi na mikono mitupu, anarudi na mikono mitupu, na yeye ni mwanaume, inamuuma. Ile kengele ya asubui njo kitu moya ananileteaka. Anawaza ananichungia Ngalula. Nikitoa telefone, atajua miye najua. Halafu atanipa nini?"

Nilikuwa na miaka kumi. Nilifikiri mapenzi ni yale ya kushikana mikono kwenye barabara ya jumba la sinema, na hapo kwenye ungo wa maharagwe nikaona kitu kingine, nikaogopa kwa namna nisiyoweza kuieleza. Nilimwambia tu, "Mama, na wale batoto ba hospitali?" Tulimaliza maharagwe. Mle ndani ya ungo yalikuwa machache, lakini siku ile aliyachambua mara mbili.

Baba aliporudi saa kumi, simu ilikuwa mezani, imekwisha kufungwa ndani ya kitenge cha Tantine Ngalula, ncha nne zimekutana juu kwa fundo, kama vile tunavyofunga zawadi ya mzazi aliyejifungua. Ilinukia limau mpya. "Baba Godé, peleka," mama alisema. "Batoto banazaliwa kule kila siku. Ngalula iko na akili, atatafuta njia ingine." Baba alisimama na kofia mkononi, akamtazama mama, akanitazama mimi. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimesimama mwishoni mwake. Lakini hakuniuliza kitu. Aliinua lile furushi kwa mikono miwili, akalifunga vizuri nyuma ya baiskeli, akaenda.

Kesho yake asubuhi tulikaa sebuleni, mimi na mama, na baridi ya mvua. Baba alikuwa ametoka kama kawaida. Saa moja ilikuwa inakaribia na mbabula haijawashwa. Nadhani mama hakujua mikono yake iende wapi. Kisha, kutoka kwenye kona ya barabara, pale baiskeli za watu wa zamu zilipokata kwenda mjini, tukasikia kengele ya baiskeli. Mlio mmoja. Ikanyamaza. Baba alikuwa amesimama pale muda wote, akiitazama saa yake mpaka ifike saa moja kamili, na siku ile alichelewa kazini kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mama aliweka kiganja juu ya kitambaa cheupe, mahali palipobaki alama ya simu. "Iko muzima," akasema, na akacheka huku machozi yanamtoka, nami nikacheka naye. Tangu siku ile baba alipiga mlio ule kila asubuhi, mvua na jua, mpaka magoti yakamkataza kuendesha baiskeli. Alichojua na asichokijua hakukisema, mama naye hakumwuliza. Baba alikwenda nacho kaburini.

Habari za Tantine zilifika miaka miwili baadaye, kwa barua iliyoandikwa na mkono wa mtu mwingine na kupitia kwa mapadri wa Kapolowe. Alikuwa Mwene-Ditu, mji wa huko Kasai, anauza chumvi, mtoto wake amekua. Mama aliibusu barua ile mpaka wino ukachafuka. Hawakuonana tena. Njia zilipofunguka mama alikuwa na ugonjwa, na mama alipopona Tantine alikuwa amekwisha kutuacha. Simu yetu ilidumu wodini miaka kadhaa. Mdogo wa rafiki yangu, aliyezaliwa pale usiku ambao daktari aliitwa kwayo, leo ni mwalimu wa wanangu.

Sasa kila mtu nyumbani ana simu yake, wengine wana mbili, na tunazitupa kitandani kama viatu. Sizijui nambari za wanangu kwa kichwa. Simu ikinyamaza saa moja tu nakasirika, mimi niliyelelewa na mwanamke aliyengoja miaka. Siwezi kusema zamani ilikuwa bora, maana zamani ilitunyang'anya watu. Lakini nambari moja ilitosha wakati ule, na ilibebwa mwilini.

Mwezi uliopita binti wa Tantine, yule aliyekuwa mgongoni pale kituoni, alinitumia picha ya video ya mtoto wake akiruka kamba uani na wenzake. Nilimwekea mama aione, tukiwa tumekaa barazani. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, hivyo alisogeza sikio. Kamba ilipiga chini, pa, pa, na mtoto yule akaimba wimbo wa kurukia: tarakimu tano, kwa Kifaransa, kwa sauti ile ile ya kwaya yetu, na ya mwisho akaivuta ndefu kabla ya kuruka nje ya kamba. Hakujua ni nambari ya nini. Alifundishwa na mama yake, aliyefundishwa na mama yake, ambaye aliimba safari nzima ili mtoto anyamaze. Video ikaisha. Mama alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya simu yangu.

"Iko muzima," akasema.