Besi ya Yengi na Shuka la Mama Viktoria

Sikumpenda Yengi tangu siku ya kwanza, na sitajifanya hapa kwamba nilimpenda. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka, Sudani Kusini. Siku za wiki alipakia malori kule Vurra, nje ya mji wa Arua, na Jumapili alipiga besi makanisani. Amplifaya hakuwa nayo. Alikuwa na gitaa lake ndani ya gunia la unga, waya wa mita kumi aliouunga kwa mkono wake, na kiburi cha kuwatosha maaskofu watatu.

Alivumiliwa kwa sababu moja tu. Mpe Yengi amplifaya asiyowahi kuiona, hata ile ya kanisa la Kuluva iliyokuwa ikinguruma kama kinu cha mahindi, na kabla ya sala ya kwanza besi itatoka safi. Wapigaji wa Arua walikuwa wakimsema vibaya, kisha wanamwendea pembeni kumwomba awarekebishie.

Kwetu Koboko aliitwa kwa majaribio. Mpiga besi wetu, Santo, alifariki mwaka juzi, na tangu hapo besi nilikuwa naipiga mimi, Onzima, kwa mkono wa kushoto kwenye kinanda. Hakuna aliyelalamika, au hakuna aliyelalamika mbele yangu. Lakini wazee wa kanisa walikaa, wakaamua kwamba Yengi akifanya vizuri Jumapili ile moja, nafasi ni yake, pamoja na chumba nyuma ya kanisa. Chumba hicho alikitaka kuliko kitu chochote. Mkewe Elena na watoto wawili walikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi, na kwa miaka minne alikuwa akiwaona mara moja kwa mwezi.

Alifika saa moja asubuhi. Nilimfungulia mlango kwa sababu ufunguo ulikuwa kwangu. Hakunisalimu. Alizunguka kanisa lote akipiga makofi na kusikiliza kuta zinavyojibu, kisha akaenda kwenye amplifaya, iliyokuwa kwenye kona, chini kwenye sementi, imefunikwa shuka.

Alipenyeza mkono chini ya shuka, vile vidude vya kuzungushia sauti akavirudisha vyote katikati. Akapiga nyuzi nene mara moja, akatembea na waya wake mpaka benchi la mwisho, akapiga tena.

"Wewe unasikiliza besi kwa mbele," aliniambia, "lakini watu iko nyuma. Kona inaijaza maji, inakuwa nzito."

Akarudi, akapunguza sauti nzito, akaongeza ya katikati, akaivuta mashine mita moja kutoka ukutani. Nilidhani anaharibu. Kila alichopunguza, mimi ningeongeza.

Kisha akaniomba nipige wimbo wa kuingilia. Nilipiga mistari miwili, akainua mkono.

"Mkono yako ya kushoto, weka mfukoni. Inapigana na mimi. Na hata kabla sijakuja, ilikuwa inapigana na kwaya."

Miaka miwili nimebeba kwaya ile. Damu ilinipanda kichwani. Nilimchukia pale pale, na hilo silifichi.

Hapo ndipo alipolishika lile shuka. Lilikuwa milaya, shuka la kudarizi wanalolishona mama wa Sudani Kusini, lenye tausi wawili na maua mekundu, zito kama blanketi.

"Hii inameza sauti," alisema. "Iko ya nani?"

Nilijua ni la nani. Kanisa zima lilijua. Mama Viktoria, mama yake Santo, alilidarizi mwaka mzima wa matanga, akaifunika mashine ya mwanawe, na hakuna aliyeligusa isipokuwa yeye, siku ya kulifua. Mtu aliyetoka Arua angejuaje?

"Ni kitambaa tu," nikasema.

Akalivuta. Kwa kuwa mashine ilitakiwa iondoke sementini, aliipandisha juu ya benchi, na kwa kuwa benchi lilikuwa linatetema, alilikunja shuka mara nne akaliweka chini ya mashine. Kwa kazi ya besi alifanya sawasawa kabisa. Nilikaa nikamwangalia.

Ibada ilipoanza nilitamani besi yake ikosee. Haikukosea. Ile mashine iliyotungurumia masikioni miaka yote sasa ilisema kila noti kwa jina lake, na wazee wa benchi la mwisho, ambao huwa wanasinzia, walikuwa wamesimama. Mchungaji Kenyi alinitazama akitabasamu, kama mtu aliyekwisha kuamua. Nilikasirika zaidi kwa sababu ilikuwa nzuri.

Mama Viktoria aliingia na mama wenzake katikati ya wimbo wa pili. Alikuwa akiimba. Akaona. Akaja mbele polepole, na sisi tukaacha kupiga mmoja mmoja.

"Nani ameweka mashine juu ya mtoto wangu?" aliuliza.

Yengi alielewa mara moja, hakuwa mjinga. Aliinua mashine peke yake, akalitoa shuka, akalikung'uta, akampa kwa mikono miwili. Mama hakulipokea.

"Mama, nisamehe. Ni mimi. Lakini niliuliza kwanza. Nimeambiwa iko kitambaa tu."

"Nani alikuambia?" Mchungaji akauliza.

Yengi hakugeuka upande wangu hata kidogo.

"Aseme mwenyewe."

Tulisubiri, na nasema tulisubiri kwa sababu na mimi nilijifanya nasubiri, nikitazama watu kama mtu anayemtafuta mwenye kosa. Ningeweza kusema neno moja. Nilifikiria aibu, nikafikiria macho ya yule mama.

"Basi unasema uongo ndani ya nyumba ya Mungu," Mchungaji alisema mwishowe.

Yengi hakubisha. Alilaza shuka kwenye benchi, akachomoa waya wake, akauzungusha mkononi taratibu, akatia gitaa kwenye gunia. Alipopita mbele yangu alisimama kidogo, na nikajua ananipa nafasi ya mwisho.

Nilitazama chini mpaka akatoka. Watoto wake wako kambini mpaka leo, na mimi niliyerudishiwa besi ndiye ninayekaa katika kile chumba.